Miguu ya Krismasi

Gongoni, 10 Januari 1986

Mama Kahonzi mpenzi,

Salamu tele kwako na kwa watoto wetu wawili. Nilifika salama, wasiwasi wangu ni nyinyi. Jumatatu tumerudi kwenye mabwawa ya chumvi. Nyapara Seif alitupokea getini: "Pilau mmeshiba, sasa fanyeni kazi." Ukitoka likizo kazi hii hugeuka ngeni, mgongo unauma na mikono inauma, mpaka uzoee tena. Wenzangu wameniona nyayo wakanicheka, eti miguu ya bwana harusi. Nikawaambia ni mke wangu, alinikalisha uani siku ya Krismasi akanichonga kwa wembe na kunipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa hataki kulala na kobe. Walicheka sana.

Mumeo, Dena

Kaloleni, 19 Januari 1986

Baba Kahonzi,

Habari za tangu tuachane? Sisi wazima, ila Kahonzi ana mafua. Waache wacheke, wake zao hawawatunzi! Ile ngozi ngumu niliyokutoa ilijaa kifuniko cha sufuria. Kaka yangu Ngala anapita huko, nimempa chupa ya mafuta. Jipake kila jioni, Pasaka nataka kuzikuta nyayo vilevile. Mbona barua yako fupi? Umechoka?

Mkeo, Nyevu

Gongoni, 2 Februari 1986

Mke wangu,

Hujambo? Mafua ya Kahonzi yamepoa? Mafuta nimeyapata, ahsante. Nina neno, na nakuomba usilie. Ile ngozi ngumu ndiyo iliyokuwa kiatu changu. Tunasimama kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, na chumvi ikishaganda ina makali. Viatu vya gambuti tunaahidiwa tu. Kila anayetoka likizo huungua siku mbili tatu, kisha basi. Mimi nyayo zimepasuka, hazifungi, na ya kushoto inatoa usaha. Nilijipaka mafuta yako, zikazidi kulainika.

Nimemwomba Seif siku tatu nipumzike. Akasema likizo yetu tumeshaila, na kibarua asiyefika asubuhi jina lake linafutwa. Pale getini wapo wengi wanaongoja nafasi. Kwa hiyo najifunga kitambaa naingia. Nilitaka kukuficha, lakini niliogopa utaleta chupa nyingine.

Mumeo, Dena

Kaloleni, 9 Februari 1986

Dena,

Leo sina salamu. Acha hiyo kazi uje. Tutakula mihogo, na ikikosekana tutalala njaa. Mimi ndiye niliyeshika wembe, na nilidhani nakupendezesha. Panda gari siku utakayoipata barua hii, usingoje mwisho wa juma.

Mkeo, Nyevu

Malindi, hospitalini, 27 Februari 1986

Mama Kahonzi,

Natumai nyote wazima. Barua yako niliipata, nikasema niingie siku chache tu, labda kidonda kitakauka. Siku ya nane homa iliniangusha majini. Wamenikata mguu wa kushoto, chini ya goti. Jina langu limefutwa.

Habari ya wembe usimwambie mtu, hata mama yangu. Sema nilikanyaga msumari. Sitakudanganya, nilikulaumu siku mbili nzima hapa kitandani. Ya tatu nikakutamani. Ngala atanileta wakiniruhusu.

Mumeo, Dena

Gongoni, 17 Desemba 1986

Baba Kahonzi,

Hujambo mume wangu? Kahonzi na mdogo wake hawajambo? Mimi mzima. Barua yako ya kuniita Krismasi imefika, nimeisoma mara nyingi.

Aprili niliposema nakuja kuomba nafasi yako, ulininunia siku tatu. Ulidhani Seif atanikataa. Alinipa beleshi, hakuuliza kitu. Sasa nina miezi minane hapa, na yote uliyokuwa huniambii nimeyajua mwenyewe. Agosti nilikaa nanyi siku nne tu. Niliporudi nilitembea kwa visigino majuma mawili, nikilia ndani ya maji ili wenzangu wasinione. Mara mbili Seif alishika kalamu afute jina langu.

Krismasi wametupa siku saba. Nimeomba nibaki na wale wasiosherehekea. Nakutamani, na nyumba naitamani, lakini siku saba za miguu mikavu zitanilainisha nyayo, na tukiwa wawili wa kukaa uani watoto watakula nini? Sikukuu njema. Nguo zao ziko sandukuni, upande wa kulia. Waambie mama amenyimwa ruhusa.

Mkeo, Nyevu