Kibuyu Ulichomwekea Anko Kimutai

Kogo wangu, nyanya yangu,

Wiki hii nilisafisha kibuyu chako, kile kirefu chenye shanga ambacho hukutaka mtu akiguse. Nilichoma kijiti cha mti wa senetwet, nikasugua makaa ndani polepole, kama ulivyonifundisha kutengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando. Zamani moshi ulikuwa ukinitoa machozi nawe unacheka: "Lia tu, Chebet, mursik itakuwa tamu." Safari hii nililia kabla hata moto haujashika.

Unakumbuka mazoezi yetu ya kumpokea mwanao pale uani? Mimi nilijifanya Anko Kimutai anayetoka Amerika, nimebeba begi la shule. Wewe ulinipokea na kibuyu, ukacheza mpaka kitambaa chako cha kichwani kikaanguka. Ulisema siku mwanao akirudi, utafanya hivyohivyo airport, watu wote wakiona.

Kogo, kuna jambo wakubwa hawakukuambia. Anko alishikwa kule akiendesha gari amelewa. Hakugonga mtu. Alilipa faini, akadhani yameisha. Halafu akashikwa tena. Raia wa kule angelipa, angerudi nyumbani kwake. Lakini Anko alikuwa mgeni, kwa hiyo visa yake ilifutwa, akafungiwa mahali wanapowekwa watu wa kurudishwa kwao. Ndiyo sababu hakuja kukuzika. Alipiga simu, Mama akaiweka juu ya jeneza, sote tukamsikia akikuita.

Tulipoambiwa anarudi, nikatoa kibuyu. Baba akasema, "Mursik ni ya mtu aliyeshinda. Huyu amefukuzwa."

Shangazi akauliza, "Sasa tumpokee na nini, chai ya strungi, bila maziwa?"

Hakuna aliyecheka. Mimi sikusema kitu, unanijua. Lakini maziwa niliyaweka kibuyuni.

Jana alifika hapa nyumbani, Chepsaita. Alisimama nje ya geti na mfuko mmoja wa plastiki, kama mtu anayeuliza njia. Watu walibaki wameketi. Ulizoea kuniuliza, "Hiyo sauti unamwekea nani?" Kumbe ilikuwa ya jana. Nilitoka na kibuyu kwa mikono miwili, nikasema kwa nguvu, "Anko, Kogo alisema unywe kwanza."

Alikunywa mpaka maziwa yakashuka kwenye ndevu. Akafunga macho, akasema, "Huu ni mkono wa mama yangu."

Sikumwambia ni wangu.

Baba ndiye aliyekuja kumchukulia ule mfuko. Leo asubuhi Anko ameketi kando ya kaburi lako, anang'oa nyasi moja moja.

Anasema ameacha pombe. Sijui, Kogo. Mimi nimemaliza shule juzi tu, mambo mengi siyajui. Lakini nakuahidi, akishikwa na kiu katika nyumba hii, kibuyu chako hakitakuwa kitupu.

Pumzika sasa. Umempokea.

Mjukuu wako,
Chebet