Namba Zilizotolewa kwa Msiba

Shinyanga, 4 Machi 2024

Shemeji Sostenes,

Mwangaluka. Habari za Katoro? Bernadina na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu linaloijua mvua kabla ya mawingu. Nimempa kondakta wa basi karatasi hii kwa sababu simu zangu hupokei.

Jana simu ya marehemu kaka yako ililia. Bado naichaji, inakaa pale pale dirishani dukani, kwani wateja wake wa spea za magari ya kizamani wanaijua namba hiyo tu. Niliacha fenibelti chini nikaikimbilia. Ujumbe ulisema: "Ndugu Bartholomeo, gari lako la kizamani bado linatembea? Spea zote zimefika Geita."

Shemeji, walikuwa wanamwandikia marehemu.

Si mimi peke yangu. Mzee Stanslaus wa Kishapu anapigiwa na watu asiowajua, wanamtajia Landrova yake kama vile wameilaza kwao. Ameniuliza, "Mama Noela, umeniuza?"

Siku ya msiba nilikupa simu ile uwatangazie wateja kifo cha mume wangu. Zile namba ulizipeleka wapi kwingine?

Shemeji yako,
Mama Noela


Katoro, 19 Machi 2024

Shemeji yangu Mama Noela,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la karasha linaposaga mawe. Bernadina mzima, watoto wazima, mimi nakohoa tu kama kawaida ya huku kwenye machimbo. Pole kwa goti, na pole kwa ujumbe ule. Lakini shemeji nawe ni kama kabureta la Bedford: baridi kidogo tu, moshi nyumba nzima!

Ni kweli, nilizinakili. Tajiri anayeniletea spea za hizi Landrova za kubebea mawe alikuwa anatafuta wateja. Sisi wa spea huku hupeana namba, ndiyo biashara ilivyo. Nikampa kama zilivyokuwa. Kosa liko wapi? Kikao cha ukoo kiligawa vitu vya kaka, mimi nikapata koti na jeki. Namba nazo zilikuwa za kaka. Wateja wanatafutiwa spea bila kutoka jasho, walipaswa kunishukuru.

Shemeji na mtani wako,
Sostenes


Shinyanga, 22 Machi 2024

Shemeji Sostenes,

Nimefurahi kusikia wote wazima. Kikohozi hicho kanywee asali. Koti linakuenea? Kiwiko cha kushoto alikishona mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akajichoma kidole na kusingizia sindano.

Namba si ng'ombe, kwamba mtu akifa ndugu wanagawana. Wale watu walimpa Bartholomeo, hawakukupa wewe. Tuliwaita msibani kwa namba hizo, nao wakaja, wengine wakashika sepetu kaburini.

Unasema ulizitoa kama zilivyokuwa. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Kaka yako hakuweka jina tu, aliweka kijiji na gari. Humo kuna "Generosa Didia Pijo 404". Mama Generosa amelificha lile gari la marehemu mumewe kwenye ghala la pamba, chini ya turubai, ili mwanawe Herman asijue kuwa bado ni zima. Herman angeuza hata mlango wa nyumba. Bartholomeo peke yake ndiye alikuwa akienda kuliwasha, na kurudi akinuka petroli na maziwa ya mgando.

Mwambie tajiri wako amfute huyo mama. Leo. Hao wengine tutazungumza baadaye. Nakusihi, shemeji.

Mama Noela


Shinyanga, 6 Mei 2024

Shemeji,

Hamjambo? Nauliza kwa sababu nilifundishwa kuuliza. Jibu lako sikuliona.

Pijo la Didia limeondoka. Mnunuzi alipiga simu wakati Mama Generosa yuko shambani, Herman akapokea. "Pijo gani?" akauliza, na huyo mtu akamweleza mali ya nyumbani kwao wenyewe. Jumapili, mama akiwa kanisani, lori likaja.

Alinipigia. Hakufoka. Alisema tu, "Mumeo alikuwa akiniambia siri yangu anayo yeye, nisiogope."

Nimempigia tajiri wako. Sauti ya msichana ikaniambia nibonyeze sifuri ili nitolewe kwenye orodha yao. Nikabonyeza. Jioni wakanitumia tangazo la matairi.

Nimechoka, Sostenes.

Mama Noela


Katoro, 27 Mei 2024

Shemeji Mama Noela,

Shikamoo. Najua sisi watani hatuamkiani hivyo, lakini leo shikamoo.

Barua yako ya Machi niliipata. Kila siku nilisema nitamwendea tajiri kesho. Niliogopa angekasirika na kuacha kuniletea spea. Sasa nimekwenda. Anasema amewapa wenzake wa Mwanza, nao wamewapa wa Nairobi, na hata yeye hajui majina yameishia kwa nani. Kuyafuta hapa ni kufagia uwanja siku ya upepo.

Pijo nimeliona uani kwake. Halina milango wala injini, wamelichinja kwa ajili ya spea. Nimeomba kilichobaki, yule simba mdogo wa chuma wa pale mbele. Nimemfunga ndani ya koti la kaka nikampa kondakta. Tafadhali mpelekee Mama Generosa na umwombee msamaha wangu. Wewe anakuheshimu.

Shemeji yako,
Sostenes


Shinyanga, 3 Juni 2024

Shemeji Sostenes,

Marahaba. Mzigo umefika salama. Kile kiwiko cha koti kilikuwa kimefumuka, nimekishona. Sikuwa na uzi mweusi, nimetumia wa bluu.

Simu ya kaka yako nimeizima. Ilinichukua asubuhi nzima kubonyeza kile kitufe kimoja. Wateja waliobaki nimewaambia waje dukani wenyewe, kama zamani.

Simba nakurudishia, ndani ya koti vilevile. Mimi sitampeleka. Nenda Didia kwa miguu yako, ukae kwenye kigoda atakachokupa, na kama hakukupa, usimame. Njia hutahitaji kuuliza, maana wengine umeshawaelekeza.

Ukitoka huko pita hapa, hata kama amekufukuza. Ugali wa mtama utaukuta.

Shemeji yako,
Mama Noela