Gauni la Gladys na Onyesho la Siku Hizi

Pasua, Moshi
19 Septemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Margareta,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Songea? Kifua cha shemeji Rogath kimepona? Huku hatujambo. Mama yupo Kibosho, goti linamsumbua, lakini hakubali mtu amkatie ng'ombe wake majani. Kahawa mwaka huu imekuja kidogo.

Najua unangoja habari za binti yako Gladys. Ni mzima, yuko Arusha kwa binamu yetu Eliona. Hayuko kwangu tena, na kosa ni langu. Nimechelewa kukuandikia kwa aibu.

Unakumbuka onyesho la mavazi la mwaka themanini na sita, pale mjini? Ulitembea na gauni la kijani nililokushonea, unacheka na watu unaowajua, na mtangazaji akasema, "Fundi ni Bernadetha wa Kibosho." Kina mama wakakusimamisha, wakapindua pindo waone mshono. Nilipata kazi za kushona hadi Krismasi.

Siku hizi wanaoandaa wanatoka Dar. Muziki unapasua masikio, wasichana wanapita haraka bila hata kutabasamu, nguo nyingi ni za dukani, na fundi hatajwi. Sisi mafundi wa Pasua tuliacha kwenda. Watu wanavaa mitumba. Mimi nabadilisha zipu na kupunguza suruali.

Gladys alipochaguliwa kupita jukwaani kwenye onyesho la mwaka huu, aliniomba nimshonee. Nilishona wiki mbili kwa furaha, gauni la kitenge la kufika kwenye vifundo vya miguu. Jumamosi ya tarehe nne, alasiri, nilienda kumwona. Kuingia chumba cha kuvalia, nikakuta mwandaaji ameshalikata juu ya magoti.

Nilipandwa na hasira, Margareta. Nilimshika mkono mbele ya wenzake nikamwambia, "Vua! Mama yako hakukuleta kwangu uje kuuza mapaja."

"Mama mkubwa, nisikilize kwanza," akasema.

Sikumsikiliza. Nilimtoa pale analia. Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake, akapanda basi.

Juzi rafiki yake Stella, ambaye naye alipita siku ile, alileta sketi nibadilishe zipu. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba Gladys alibishana sana na yule bwana kuhusu gauni. Mwisho alikubali likatwe kwa sharti moja: jina langu lisomwe. Stella aliiona karatasi ya mtangazaji kwa macho yake. Ilikuwa na majina ya wasichana kumi na wanne, na fundi mmoja tu, mimi.

Stella alipoondoka, sikushona tena siku hiyo. Gauni fupi bado silipendi, sitakudanganya. Lakini mtoto alikuwa ananipigania, nami nikamtukana mbele ya watu, neno ambalo hata mlevi wa barabarani hakuwahi kumwambia.

Nimemwandikia mara mbili. Hajajibu. Eliona anasema amepata kazi kwa fundi mmoja huko, anashona vizuri.

Sikuombi umlazimishe anisamehe. Mwambie tu kwamba Stella amenieleza yote, na mama yake mkubwa anakiri alikosea. Akitaka kuniandikia kwa ukali, aandike. Nitasoma.

Msalimie sana shemeji na majirani wanaonikumbuka. Mama anakuombea kila Jumapili. Mungu awafunike kwa mkono wake, na wewe usinichoke.

Akupendaye siku zote, dada yako,
Bernadetha