Susana Akeyo na Ubeti wa Nne

Mama, mwaka mzima umepita tangu tukulaze hapa Kosele, Januari 1997, na bado tuna hasira. Si na Mungu. Ni na wewe kidogo, na hilo ungelielewa, maana hasira hata wewe ulikuwa nayo ya kutosha.

Ulikuwa mshonaji. Kila Desemba nusu ya watoto wa Kosele walivaa kazi ya mikono yako. Vipande vya vitambaa vilivyobaki uliviunga ukawashonea watoto wa jirani bila kuombwa. Uliongea ukiwa na pini mdomoni, na ni sisi tu tuliokuelewa.

Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Krismasi mbili zilipita bila yeye kuonekana. Desemba 1992 ukaitungia kwaya ya kanisa wimbo, kwa Kiswahili ili Wakisii na Wakuria wa kwaya nao waimbe: "Sahani iko mezani, mwenyewe yuko wapi?" Uliutunga ukikanyaga cherehani, polepole, mguu ukihesabu mapigo. Ulikuwa unamgombeza mume wako. Sisi tulijua. Wengine walidhani ni wimbo tu wa sikukuu.

Mwaka uliofuata wewe na kwaya mkaenda Migori kwa Ryoba, aliyekuwa na chumba cha kurekodi kanda. Akauongeza mwendo, akatia gitaa na ngoma. Ubeti wa nne, uliokujia njiani siku hiyohiyo, hata hakutaka kuusikia.

"Huu si wimbo wa kucheza," ulimwambia.

"Mama, hii ni Krismasi. Nani anataka kulia Krismasi?"

Na watu wakacheza. Kuanzia Kendu Bay hadi mpakani, kila Desemba, wanaruka huku wakiuliza mwenyewe yuko wapi! Ukakataa kuimba nao. Kwaya ilipokubembeleza muurekodi upya, kwa mwendo wako na beti zako zote, ulisema, "Wamezoea makelele, wabaki nayo." Hapo ulitukosea, Mama. Ule ubeti hukumfundisha mtu, wala hukuuandika popote.

Krismasi ya 1994 Baba aliingia nyumbani akiuimba, akakuita binti wa Kendu kama zamani. "Nyar Kendu, kuna wimbo huko Osiri, tunaucheza mpaka viatu vinakatika!"

"Maneno yake umeyasikia?"

"Maneno gani? Ni wimbo tu."

Ukamketisha. Ukamwimbia wote, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo ulilokuwa ukishona. Sisi tulikuwa jikoni, maneno yalitufikia nusunusu. Tulipoleta chakula, alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. Osiri alirudi mara moja tu, kuchukua vitu vyake. Mkapata miaka miwili pamoja, kisha ugonjwa ukakuchukua.

Kwenye mazishi kwaya iliuimba mbiombio, wengine wakipiga makofi. Baba akasimama. "Acheni! Si hivyo. Na haujaisha, kuna ubeti mwingine." Watu wakamngoja. Akafungua mdomo, kisha akaketi bila kuuimba. Kwa miezi yote iliyofuata tulimuuliza, na jibu lilikuwa lilelile: "Naujua. Niacheni kwanza." Tulifika mahali pa kumkasirikia yeye pia.

Krismasi iliyopita, tukiwa bado tunakula, alianza mwenyewe. Sauti yake ni mbaya, unaijua. Alikatiza mara mbili, akaanza tena. Liz alimshika mkono, Ken akaandika upesi nyuma ya kalenda. Ndipo tulipojua kwamba hukumwimbia lawama peke yake. Tunauchapisha hapa, ili kila mwenye ile kanda ajue kilichokosekana:

*Ukija umechelewa, mlango sikuufunga,*
*Ukija na vumbi, maji nimeshachota.*
*Usitafute zawadi, lete miguu yako.*
*Keti, ule kwanza. Ugomvi ni wa kesho.*

Wanaokukumbuka ni mume wako Caleb Omuga. Watoto wako Liz, Ken na Oliver. Dada yako Damaris wa Kendu Bay. Na wanakwaya wenzako wa Kosele, ambao wanajifunza upya kuimba polepole.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote zilizotubakia.