Chaki Mgongoni mwa Mheshimiwa

Mshauri wetu mpendwa, nakuja kwako na swali ambalo najua wasomaji wako watalicheka, maana wenzangu wanakuletea habari za ndoa na mirathi na mimi nakuletea farasi, lakini naomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu nyumbani hatuelewani na mimi mwenyewe sijui nishike lipi.

Mimi ni mtunza stoo wa shule, mtu wa kupenda kila kitu mahali pake, na nyuma ya nyumba yetu tuna farasi mmoja mzee ambaye binti yetu, kitindamimba, alimlea tangu akiwa bado anasoma, akampa jina la Mheshimiwa kwa jinsi anavyotembea kama anakwenda kuhutubia, na jioni alikuwa akimpanda mpaka kiwanja cha mpira na kurudi, nami nikisikia tu kwato kwenye kokoto najua ni wakati wa kubandika chai. Binti alipata kazi mbali, kazi nzuri, hatuna malalamiko, hupiga simu kila Jumapili, na akishamalizana na mama yake huniambia, "Haya baba, mgongo wa Mheshimiwa vipi?" nami humjibu, "Unakusubiri, mwanangu," naye hucheka, husema likizo ijayo, na likizo ijayo ikifika huwa ina shughuli zake.

Sasa mwaka huu Mheshimiwa ameota manyoya kama zulia, hayapuputiki hata jua likiwaka, anatoka jasho akiwa amesimama tu, na daktari wa mifugo alipomtazama akasema ni maradhi ya uzee, dawa atakula, lakini manyoya lazima yanyolewe mwili mzima kila yanaporefuka, na kuhusu kupandwa akasema, "Huyu sasa apumzike," jambo ambalo bado sijapata nafasi nzuri ya kumwambia binti. Nikamwita mnyoaji wa farasi anayezunguka na mashine yake mitaani, nikampa agizo la daktari la kunyoa mwili mzima, kisha nikamweleza utaratibu ninaoujua, kwamba tunaweka tandiko mgongoni, tunalizungushia chaki, kisha tunaliondoa, na ndani ya ile chaki hatunyoi, maana farasi wa kupandwa huachiwa manyoya chini ya tandiko ili ngozi isichubuke. Yule bwana akaitazama chaki, akanitazama na mimi.

"Mzee wangu, huyu nani anampanda?"

Nikamwambia wewe nyoa tu. Akasema, "Mimi nafuata maneno ya daktari. Kama ni mitindo, mwite fundi cherehani." Tukaagana hapohapo.

Ndipo nikaamua nitanyoa mwenyewe nyumbani. Jirani yetu ni kinyozi, akaniazima mashine yake, mama watoto akashika kamba, nami nikaanza begani kwa bismillahi na matumaini, lakini kile kimashine kilikata mistari miwili tu kikapata moto, kikang'ang'ania kwenye manyoya, Mheshimiwa akaruka akaiponda ndoo, na kinyozi akawa anapiga kelele juu ya ukuta, "Baba, hiyo ni ya vichwa, si ya mazulia!" Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi kavu. Tangu siku hiyo farasi wetu ana njia mbili za panya begani na anapita mbele ya watu akiwa ameinamisha kichwa, yeye ambaye hakuwahi kuinamia mtu.

Nimekwenda duka la vifaa vya mifugo nikazishika mashine mbili. Moja ni ya waya, ina nguvu, lakini ni nzito kama pasi ya mkaa na inanguruma, na bandani hakuna umeme, itabidi waya upite dirisha la jikoni na uvuke uwanja. Nyingine ni ya chaji, nyepesi, sauti yake kama nyuki aliye chumba cha pili, ila muuzaji mwenyewe amekiri kwamba kwenye manyoya mazito itaishiwa pumzi mapema. Nimekwenda pale mara kadhaa, nazishika, naziweka, mpaka muuzaji amenipachika jina la Bwana Harusi, eti nachagua mke. Mama watoto anasema hakuna haja ya kununua chochote, arudishwe yule mnyoaji amalize kazi, na nilipombishia akaniambia, "Wewe hutaki mashine, baba. Unataka chaki yako." Nikamjibu kwamba hajui farasi. Akasema, "Farasi simjui, lakini wewe nakujua," akaingia ndani.

Jambo jingine dogo, juzi nilipopapasa chini ya manyoya ya mgongoni, mahali pa tandiko, nilikuta ngozi ina unyevu na ukurutu umeanza, na Mheshimiwa alijikunyata nilipomgusa. Jumapili binti aliuliza tena, nami nikajibu kama kawaida.

Naomba unisaidie: ninunue ya waya au ya chaji, meno yake yawe ya namna gani, na nifanyeje mkono usitetemeke nikifika kwenye mstari wa chaki?

Wako,
Mtunza Stoo

MSHAURI ANAJIBU

Mtunza Stoo, ndugu yangu, sikukucheka wewe. Nimecheka na mkeo, na ningekuwepo ningekaa naye kwenye hizo nyasi.

Tuanze na mashine, maana nayo ni swali la haki. Nimemuuliza mtu anayenyoa farasi tangu ujana wake, na haya ni yake na yangu. Ya kinyozi irudishe kwa shukrani, ila mwombe akuazime tena siku ya kunyoa uso na kuzunguka masikio, huko ndiko kwenye saizi yake. Ile ya waya iache dukani. Waya unaovuka uwanja, ndoo ya maji na farasi aliyekwisha ruka mara moja, hapo unatafuta msiba, hutafuti mashine. Nunua ya chaji, lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa farasi au ng'ombe, na uchukue betri ya pili. Itachoka? Na ichoke. Wewe nawe utachoka, na mzee mwenzako aliyefungwa kamba atakuwa amechoka kuwazidi nyote wawili. Nyoa upande mmoja leo, mwingine kesho, nani anakufukuza?

Kabla ya kulipa, inyanyue juu ya kichwa chako uishike hapo huku ukipiga soga na muuzaji. Bega likianza kulalamika kabla soga halijakolea, hiyo si yako. Muuzaji akikuita tena Bwana Harusi, mwambie huyu mke atakaa mkononi, lazima apimwe uzito. Meno chukua ya wastani, yanayobakiza manyoya mafupi. Yale ya kunyoa mpaka ngozi yatamwacha mzee wa watu akitetemeka asubuhi. Chukua seti ya pili, maana manyoya mazito hufanya meno butu upesi, na meno butu hayakati, yananyofoa. Mwoshe Mheshimiwa na umkaushe kabisa kabla hujaanza, kwa sababu mchanga ndio unaoua mashine. Tia mafuta kila unapopumzika, na kila mara bandika yale meno upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Yakikuchoma wewe, yanamchoma na yeye, na sasa unajua kwa nini aliruka. Siku chache kabla, iwashe karibu yake akiwa anakula, uizime, uondoke zako. Azoee.

Umeridhika? Sasa kaa, nikuseme.

Mnyoaji alikuwepo, mashine anayo, kazi anaijua. Ulimwacha aende kwa sababu alikataa kuzunguka chaki. Kwa hiyo hutafuti mashine bora, unatafuta mashine itakayokutii. Mkeo aliliona hilo kabla yangu, nawe ukamwambia hajui farasi! Leo jioni kamwombe radhi, na usiende mikono mitupu.

Na lile "jambo dogo" ulilolificha mkiani mwa barua, baba, hilo ndilo barua yenyewe. Ukurutu umeota ndani ya chaki yako. Kila mahali pengine pa mwili wake umepaonea huruma, isipokuwa hapo tu. Daktari amesema apumzike. Wewe umempa kazi ya kumsubiri mtu, saa zote, akiwa amevaa zulia.

Nakuelewa. Nami nina chumba nyumbani ambacho kitanda chake hutandikwa kila wiki na hakuna anayekilalia. Najua unachokisikiliza jioni pale kwenye kokoto. Lakini mwanao anauliza hali ya mgongo na wewe unampa jibu tamu. Anajua kuna mgongo unaomsubiri, basi kila likizo anaona inaweza kungoja, kwa sababu kwa maneno yako kila kitu kipo palepale alipokiacha. Umemnyima sababu ya kuja.

Jumapili akiuliza, mwambie hivi: "Mgongo umezeeka, mwanangu. Hutampanda tena. Nataka kumnyoa, na wewe uliyemlea ndiye nataka umshike kichwa." Kisha nyamaza. Usimtolee udhuru wa kukosa nafasi kabla hajautoa mwenyewe. Huenda akalia, huenda akakata tiketi, huenda yote mawili. Akisema hawezi, amekwambia ukweli na wewe umemwambia ukweli, na hayo ni maongezi mema kuliko ya Jumapili zote zilizopita.

Awepo au asiwepo, manyoya hayangoji. Mpe daktari siku ya kuutazama ule ukurutu, fuata atakalosema, ngozi ikipona mkeo ashike kamba na wewe ushike mashine. Chaki irudishe stoo. Mkono hautatetemeka, kwa kuwa hakutakuwa na mstari wa kuuzunguka.

Wanyoaji wengi huanza begani. Begani mwake panya wamekwisha pita, pataweza kungoja. Wewe betri ikiwa imejaa na meno yakiwa makali, anza mgongoni.