Udhaifu wa Kienyeji

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, unalala, na lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamuuma na ananung'unika kutwa, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi ndiyo usiseme, nazidi kupendeza, hata mlinzi wa getini siku hizi ananipisha. Najua utaucheka mwandiko wangu. Cheka tu. Wewe uliyemaliza shule zote hujawahi kutuandikia ukurasa mzima bila kuomba kitu.

Umeniuliza kwa nini sipokei simu zako. Nitakueleza, lakini taratibu, maana jambo lenyewe nikiliandika haraka nitatoboa karatasi.

Unajua bado niko pale kliniki, chumba cha mashine, chini ya yule mama tunayemwita Mama Seva. Yeye ndiye fundi, mimi ndiye mikono yake, na mikono yenyewe ni ya dhahabu, muulize yeyote. Kliniki nzima inategemea kompyuta moja kubwa inayoendeshwa na mfumo wa Linux, imefungiwa kwenye kichumba chenye feni inayonguruma kama trekta. Kila mfanyakazi ana akaunti yake na mipaka yake. Wa mapokezi anaona jina lako na siku yako ya miadi, basi. Majibu ya vipimo anayaona daktari wako na watu wa maabara. Juu ya wote yuko mtumiaji mkuu, sisi tunamwita ruti, ambaye hakuna mlango anaoupigia hodi. Neno lake la siri analo Mama Seva, na sasa ameniamini nalo mimi pia, jambo ambalo kila msichana wa mtaa huu ameshalisikia kwangu.

Basi, likatoka onyo kuhusu Linux. Humo ndani kuna kiprogramu ambacho mtumiaji yeyote anaruhusiwa kukiita, na kikishaitwa kinafanya kazi kwa mamlaka ya ruti. Tuseme printa imegoma: mtu wa mapokezi anakiita, kinaiwasha printa upya, kinarudi kulala. Kumbe ukikiita kihuni, kwa namna ambayo hakikuitegemea, kinachanganyikiwa na kukuachia mamlaka yote mkononi. Unaingia karani, unatoka mfalme. Apdeti, yaani toleo jipya la kukitibu, ilikuwa bado haijatoka. Dawa ya muda ilikuwa kukivua yale mamlaka kibaki na nguvu za yule aliyekiita tu. Ni amri moja, fupi kuliko jina lako la utani. Ubaya wake ni kwamba printa ikigoma, lazima niitwe mimi.

Mama Seva akapeleka onyo kwa Bosi, yule daktari mkuu anayeongea kama ana pipi mdomoni, maana bila saini yake haturuhusiwi kugusa kitu. Bosi akalisoma mbele ya kikao, akaona limeandikwa kwamba udhaifu wenyewe ni wa "lokal". Kaka, akavua miwani, akatupoza. Akasema kumbe ni wa lokal, wa kienyeji, si wa kimataifa, tusiwatie watu presha. Kliniki ya hadhi yake haiwezi kusumbua wateja kwa kitu cha kienyeji kama kuku. Ukija wa kimataifa, tumwambie. Watu wakapiga makofi. Mama Seva akajaribu kumweleza kwamba lokal maana yake mwizi hatoki nje, yumo ndani tayari, ana akaunti, ana kiti, ana kikombe chake cha chai kabatini. Bosi akamjibu kwamba humu ndani sote ni ndugu. Nilicheka mpaka nikatolewa kikaoni. Leo sicheki.

Pale mapokezi anakaa rafiki yako, yule aliyekuwa awe mpambe wako siku ya harusi. Sisi tunamwita Digrii, kwa sababu hawezi kuazima kalamu bila kukutajia shahada yake.

Na wewe ukamwandikia shemeji kwamba moyo wako umepoa. (Bado namwita shemeji. Ukinuna, nuna.) Siku chache baadaye akaja kliniki, amevaa lile gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisimama kaunta akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni nani anayesoma majibu ya vipimo alivyopimwa pale. Alikuwa saluni, kichwa kiko kwenye beseni, akamsikia mwanamke asiyemjua akimsimulia mwenzake kwamba yule fundi cherehani wa mtaa wa juu hana kizazi, na mchumba keshakimbia. Yeye mwenyewe alikuwa hajaitwa kupewa majibu. Daktari wake alikuwa safarini, hata yeye alikuwa hajayafungua. Mtu anaambiwa habari za tumbo lake mwenyewe huku povu likimwingia masikioni.

Na unajua nani alimletea kiti? Digrii. Akampa na maji, akamwita "dada yangu", akamwambia avumilie, walimwengu hawakosi la kusema. Nilikuwa nimesimama pale pale na waya begani. Ile glasi siku hizi siigusi.

Mama Seva akakaa kwenye mashine mchana kutwa, hata chai hakugusa. Alichokuja kukikuta ni kifaa cha kuvunjia, cha kukiita kile kiprogramu kihuni, kimekaa kwenye akaunti ya Digrii, hata hakujisumbua kukifuta. Shahada nzima, kaka. Bosi alipoonyeshwa, pipi ikamtoka mdomoni, akaweka saini bila kuketi. Nikaiandika ile amri mwenyewe, na mlango ukafungwa kabla wino haujakauka. Bosi akaniuliza pembeni kama sasa ule udhaifu umeshakuwa wa kimataifa. Nikamwambia hapana, bado ni wa kienyeji, ndiyo maana unanuka hivi.

Mimi nikamfuata Digrii stoo ya karatasi, nimuulize shemeji yangu amemkosea nini. Akanicheka. Akasema mtoto aliyeshindwa hata kujumlisha sehemu asimfundishe maadili, na kwamba yeye hakufanya kwa umbea, alitumwa. Kama mimi ni mwanaume, nikamuulize kaka yangu. Nikamwambia ni mwongo, nikamshika kola. Ndipo akatoa simu akanisikilizisha sauti yako.

Sauti yako, kaka, na kile kikohozi chako. Unamwambia achungulie kwanza majibu ya shemeji, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha nyingine ya baadaye, unamshukuru, unacheka, unasema afadhali umejua mapema, na kwamba umeshamdokeza binamu yetu. Binamu yetu, ambaye mke wake anasuka watu pale pale saluni. Ulitegemea nini?

Nimekutetea tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Nilipigana shuleni kwa sababu yako, na nikapigwa. Pale stoo ndipo kukutetea kulipoishia. Nikamwachia kola, nikanawa mikono, nikanawa tena. Kile kiprogramu angalau kilikuwa kimechanganyikiwa. Wewe ulikuwa na akili zako timamu.

Sasa lile ambalo hutalipenda. Nimemwambia shemeji. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikasimama mlangoni, nikamweleza kwamba aliyeyafungua majibu yake ni Digrii na aliyemtuma ni wewe. Hakulia. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama na mimi nimeyasoma. Nikamwambia naweza, lakini sijayasoma. Akatunga uzi mwingine kwenye sindano, kaka. Ana haki ya kutoniamini, mimi ni damu yako.

Daktari wake aliporudi nilimsindikiza. Aliingia peke yake, mimi nikabaki kwenye benchi la nje nikihesabu vigae kama mjinga. Alipotoka alifunga mkoba wake vizuri, akaniuliza kama nimekula. Basi. Kama yale ya saluni ni kweli au ni uongo, sijui, sikuuliza, na wewe hukupaswa kujua kabla yake. Ameandika malalamiko. Digrii amesimamishwa kazi, na jina lako limo kwenye maelezo. Nililitaja mimi.

Apdeti ilikuja baadaye, tumeiweka, printa wanaiwasha wenyewe kama zamani.

Wasalimie wote huko uliko, hasa yule mzee mwenye nyumba wako, mwambie ajitahidi kufunga kabati lake. Mama anakusalimu. Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga, nikaruka yale ya saluni, kwa hiyo aliyoyasikia ni yako wewe, si ya mgonjwa. Alijisugua magoti. Kisha akaniambia nisifute hata neno, ila niongeze moja: ukija, usianzie hapa nyumbani. Anzia kwa yule binti. Akikufungulia, ndipo uje.

Ni mimi,
Mdogo wako, wa tumbo moja na wewe, kwa bahati mbaya