Mkono Mmoja Ukumbini

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Bosi Praful anataka kuuza shamba la mizabibu la kiwanda chetu cha mvinyo, Msalato. Uwanja wa ndege umepandisha bei ya ardhi. Wanahisa watapata gawio nono. Mkutano mkuu Alhamisi. Mfuko wa pensheni ndio wenye hisa nyingi kuliko wote, ila bosi hana wasiwasi. Kasema watu wa mfuko huja, hunywa soda, hukubali.

Jumanne, 9 Septemba
Mwakilishi wa mfuko kafika mapema. Bi. Bupe — mwembamba, sauti ya chini. Hakutaka kukaa ofisini, nikampeleka shambani. Kaongea na wavunaji, kaonja zabibu. Kaniuliza shamba likiondoka, kiwanda kitatengeneza mvinyo kwa zabibu zipi. Nikasema tutanunua kwa wakulima wadogo.
"Wanazo za kutosha?"


Alhamisi, 11 Septemba
Hata sijui nianzie wapi. Ukumbi mzima ulikuwa wa bosi. Bi. Bupe akasimama, akauliza swali lilelile. Bosi akazungukazunguka. Kisha kura. Waliotaka tuuze — mikono kila kona. Waliokataa, yeye tu na wawili watatu nyuma.
Na shamba haliuzwi. Kura ni hisa, si vichwa, na za mfuko zilizidi za ukumbi mzima. Nimekuwa katibu muhtasi hapa miaka yote, nalijua hilo. Leo nimeliona.
Nikampigia mama, Buigiri. Mwalimu mstaafu, pensheni yake inatoka mfuko huohuo. Nikamwambia mkono wa Bi. Bupe ulikuwa na wake ndani. Akacheka. "Mimi? Mbona leo sijatoka hata uani?"

Jumanne, 16 Septemba
Hisa zetu zimepanda bei kwenye soko la hisa. Hatujaongeza hata chupa moja! Ila watu wameona mwenye hisa kubwa yuko macho, nao wanataka kuingia. Ajabu sana.

Jumatano, 17 Septemba
Bi. Bupe karudi. Mfuko uko tayari kuongeza mtaji tupande mizabibu mipya. Sharti moja: bosi aachie ukurugenzi, aje mtu wa nje ya familia.
Kiwanda alikianzisha marehemu baba yake. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alitazama dirishani, vijana wanashusha kreti za zabibu.
"Hawa watabaki wote?" akauliza.
"Tukipanda, watabaki," Bi. Bupe akajibu.
Akashika kalamu, akaiweka. Mimi nikanyanyuka niwapishe.
"Funga mlango, Yasinta," akasema. "Ila wewe baki ndani, uniandikie barua ya kung'atuka."